Saa moja ya kazi inakuachia nini mkononi?

Mjadala kuhusu posho za serikali nchini Uingereza haujawahi kupoa. Wapo wanaosema watu hukaa nyumbani kwa sababu posho inalipa kuliko kazi, na wapo wanaojibu kwamba kazi yoyote ile ni bora kuliko kukaa. Pande zote mbili huruka hesabu. Nikiulizwa kama anayefanya kazi ya saa chache kwa kima cha chini cha mshahara hubaki na fedha nyingi kuliko asiyefanya kazi kabisa, jibu langu ni ndiyo, karibu kila mara. Kilicho kigumu ni kujua anabaki na kiasi gani kwa kila saa aliyoitoa. Hapo watu wawili wenye mshahara uleule hupata majibu yasiyofanana hata kidogo.

Posho kuu kwa watu wenye umri wa kufanya kazi ni Universal Credit, iliyoanza Aprili 2013 ili kuchukua nafasi ya posho sita za zamani. Chini ya posho ya zamani ya wasio na ajira, mtu asiye na mwenza aliyepata kibarua aliachiwa pauni 5 tu kwa wiki. Kila pauni iliyozidi hapo ilikatwa yote kwenye posho, kwa hiyo aliyefanya kazi saa tano na aliyefanya saa kumi walibaki na kiasi kilekile. Universal Credit ilileta utaratibu mwingine: mshahara unapopanda, posho hushuka kidogo kidogo. Mwanzoni ilipungua kwa peni 65 kwa kila pauni ya mshahara. Aprili 2017 makato hayo yakashuka hadi peni 63, na mwishoni mwa 2021 yakawa peni 55. Leo, basi, katika kila pauni inayokatwa, mfanyakazi hubaki na peni 45.

Kuna pia kiasi cha mwanzo kisichoguswa. Wenye watoto, pamoja na wale ambao ugonjwa au ulemavu umewapunguzia uwezo wa kufanya kazi, huachiwa sehemu ya mshahara kabla makato hayajaanza. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 sehemu hiyo ilikuwa pauni 411 kwa mwezi kwa anayesaidiwa kulipa kodi ya nyumba, na pauni 684 kwa asiyesaidiwa. Mwenye afya njema asiye na mtoto hapati nafuu hiyo. Yeye hukatwa tangu pauni ya kwanza.

Tuwachukue wafanyakazi wawili wa kusafisha ofisi, mmoja akiwa mama anayelea mtoto peke yake, mwingine mwanamume asiye na mke wala mtoto. Wote wamepita miaka 25, wamepanga, na wanasaidiwa kodi ya nyumba. Kila mmoja anafanya saa 15 kwa wiki kwa kima cha chini cha mwaka huo wa 2025/26, pauni 12.21 kwa saa. Kwa mwezi hizo ni saa 65 na mshahara wa karibu pauni 794, ambao haujafikia kiwango cha kutozwa kodi ya mapato wala mchango wa Bima ya Taifa.

Kwa yule mama, pauni 411 za kwanza haziguswi. Zinabaki pauni 383, na posho yake inapungua kwa asilimia 55 ya hizo, yaani pauni 210. Kazi imemwongezea pauni 583 kwa mwezi, karibu pauni 9 kwa saa. Kwa yule mwanamume, makato yanahesabiwa kwenye mshahara wote. Posho yake inapungua kwa takriban pauni 437, na kazi inamwongezea pauni 357 tu. Hiyo ni pauni 5.49 kwa saa, chini ya nusu ya mshahara ulioandikwa kwenye mkataba wake.

Na bado hajapanda basi. Nje ya London, mabasi mengi ya England yamewekewa kikomo cha nauli cha pauni 3 kwa safari moja tangu Januari 2025. Mwajiri akimpangia zamu ya saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, siku tano kwa wiki, nauli ya kwenda na kurudi itafika pauni 130 kwa mwezi. Anabaki na pauni 227, sawa na pauni 3.49 kwa saa. Saa hizohizo 15 zikipangwa kwa siku tatu, nauli inashuka hadi pauni 78. Pauni 52 za kila mwezi zinapatikana au kupotea kwa ratiba ya zamu peke yake, na ratiba hiyo si yeye anayeipanga.

Mama naye ana mizigo yake. Universal Credit hurudisha hadi asilimia 85 ya gharama za malezi ya mtoto, kwa kikomo maalumu, na zinazobaki analipa yeye. Bosi akimwongezea saa tano, zile pauni 411 zimeshatumika. Kila saa mpya inamwachia si zaidi ya pauni 5.49, na humo ndimo inamotoka sehemu yake ya malezi. Mama anayekataa saa za ziada huitwa mvivu na watu ambao hawajawahi kukaa na karatasi yake ya mshahara.

Mahali pengine posho haishuki polepole, inaporomoka. Anayemhudumia ndugu mgonjwa au mlemavu kwa saa zisizopungua 35 kwa wiki anaweza kupata posho ya mlezi, iliyokuwa pauni 83.30 kwa wiki mwaka 2025/26, mradi mapato yake ya kazi yasizidi kikomo, ambacho mwaka huo kilikuwa pauni 196 kwa wiki. Akizidisha pauni moja, anapoteza posho yote ya wiki hiyo. Chakula cha bure shuleni nacho, kwa utaratibu wa England ulioanza 2018, kilifungwa kwa mwombaji mpya wa Universal Credit mwenye mapato ya kazi yanayozidi pauni 7,400 kwa mwaka. Juni 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 watoto wote wa familia zinazopokea Universal Credit watastahili chakula hicho. Ni hatua sahihi, kwa sababu inaondoa genge ambalo mzazi alikuwa akilikaribia kila alipoongezewa saa.

Tarehe nazo zimewahi kuumiza. Posho huhesabiwa mwezi kwa mwezi, na mshahara ulipowahi kwa sababu siku ya malipo imeangukia Jumapili, mishahara miwili iliweza kuingia katika mwezi mmoja wa hesabu. Posho ya mwezi huo ilishuka ghafla. Juni 2020 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi akina mama wanne waliokuwa wakiathirika hivyo, na serikali ikalazimika kurekebisha kanuni.

Kwa msomaji aliyeko Uingereza, jambo la kwanza ni kukagua masharti ya viza. Viza nyingi za kazi na za masomo hazimruhusu mtu kudai posho hizi, na kudai bila haki kunaweza kuhatarisha ukaazi. Anayestahili na anafikiria kupokea kazi au kuongeza saa aulize zamu itakuwa siku ngapi, mshahara huingia tarehe ipi, na kama kuna posho yoyote ambayo mapato mapya yataifuta yote. Citizens Advice hutoa ushauri bila malipo, na inafaa kwenda huko kabla ya kutia saini.

Kwa watunga sera, ninaona hatua moja ingefanya kazi kubwa kuliko hotuba zote kuhusu uvivu: kiasi kisichoguswa kipewe pia mfanyakazi asiye na mtoto, hata kama kitakuwa kidogo. Hatua hiyo ina gharama kwa hazina. Lakini mtu anayeamka alfajiri kwenda kusafisha ofisi za wengine ameshatimiza upande wake wa makubaliano, na serikali inayosema kazi inalipa inapaswa kumlipa tangu saa yake ya kwanza.