Kailo: Kitambaa kigumu sokoni si lazima kiwe chenye nguvu

Katika eneo la Kailo, jimbo la Maniema, kitambaa kinafanya kazi nzito. Mchimbaji anabeba kasiteriti ndani ya mfuko. Mama anafunga mtoto mgongoni kwa kikwembe. Mwanafunzi anavaa shati moja jeupe mwaka mzima. Nguo nyingi zinapitia Kindu, zikiletwa kwa ndege, kwa gari la moshi au kwa mtumbwi, na gharama ya safari inaongezwa kwenye bei. Kikwembe kikipasuka baada ya miezi miwili, pesa imekwenda na hakuna wa kuirudisha.

Sokoni, wanunuzi wengi wanashika kitambaa, wanakikunja, wanasikia kama ni kigumu. Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Kitambaa kipya kinaweza kuwa kigumu kwa sababu kimepakwa wanga kiwandani. Kikifuliwa mara mbili tatu, wanga unatoka na maji, kinabaki chepesi kama shashi. Tena wanga huo unaweza kukifanya kipasuke haraka zaidi, kwa kuwa unagandisha nyuzi mahali pake. Kitambaa kinapoanza kuchanika, nyuzi zilizo huru zinasogea, zinakusanyika pamoja na kusaidiana kubeba mzigo. Zilizogandishwa zinakatika moja baada ya nyingine.

Kwenye maabara za nguo hawategemei mkono. Wanatumia mashini ya Elmendorf, ambayo ilianza kwa kupima karatasi katika miaka ya 1920. Ni pendulo nzito, yaani chuma kinachoning'inia na kuyumba. Kipande cha kitambaa kinabanwa na meno mawili: moja limesimama, lingine liko juu ya pendulo. Kisu kidogo kinakata milimita 20 za kwanza. Kisha pendulo inaachiliwa, inashuka na kuchana milimita 43 zilizobaki. Kitambaa chenye nguvu kinakula nguvu nyingi za pendulo, basi haipandi juu sana upande wa pili. Kinachopasuka bure kinaiacha ipande. Kipimo kinasomwa hapo, kwa nyutoni.

Kuna njia nyingine, ya « suruali ». Kipande cha milimita 200 kwa 50 kinakatwa katikati hadi nusu, kinakuwa na miguu miwili, na mashini inaivuta polepole, milimita 100 kwa dakika.

Mara moja haitoshi. Wanapima angalau vipande vitano kwa nyuzi za urefu, vitano vingine kwa zile za upana, sababu kitambaa kimoja kinaweza kuwa imara upande mmoja na dhaifu upande mwingine. Na kabla ya yote, vipande vinakaa kwenye chumba chenye joto la digrii 20 na unyevu wa asilimia 65. Pamba ikilowa inabadilika. Anayeishi karibu na mto Congo, wakati wa mvua, anaelewa.

Maniema inaijua pamba tangu zamani. Wabelgiji waliijaribu huku kabla ya kuifanya kilimo cha lazima mwaka 1917, na wazee wa vijiji walilima kwa kusukumwa, si kwa kupenda. Kiwanda cha Filtisaf kule Kalemie kilikuja kufungwa. Leo vitambaa vingi vinatoka ng'ambo, na kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini ni ya OCC, Ofisi ya Congo ya Udhibiti.

Kwa mnunuzi wa Kailo, pendulo iko mbali. Lakini anaweza kuomba kipande kidogo cha pembeni, akifue kwanza, akikate kidogo kwa mkasi, kisha akichane kwa mikono, urefu na upana. Muuzaji akikubali, jibu linapatikana siku hiyo hiyo. Na kikwembe kikishanunuliwa, javeli nyingi na jua kali la kila siku ni maadui wa nyuzi. Mifuko ya plastiki ya kufumwa nayo, ile ya kubebea mawe, jua linaila: ikianza kutoa unga mkononi, isitiwe tena kasiteriti.