Mtoto anapomweleza rafiki shida zake

Saa ya Doha ndiyo saa ya Mombasa na Dar es Salaam; Goma wako nyuma kwa saa moja tu. Ndiyo maana binti yako anaweza kushinda na simu hadi saa sita usiku, akimtumia rafiki wa nyumbani ujumbe wa sauti kuhusu msichana aliyemcheka leo shuleni. Pengine umeshafikiria kumnyang'anya simu. Subiri kidogo.

Kijana akigombana na mwenzake, mara nyingi wa kwanza kuambiwa si mama wala baba, ni rafiki. Si kwamba amekudharau. Rafiki anajua inavyouma kukaa peke yako wakati wa mapumziko, na kwa mtoto aliyehama, rafiki wa zamani ndiye pekee asiyehitaji kuelezwa yeye ni nani. Ukikata uzi huo, huenda asibaki na mtu.

Hata hivyo, kuna kuzungumza na kuna kucheua. Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti wa wanafunzi 813 waliofuatiliwa kwa miezi sita. Wasichana waliozoea kurudia shida ileile na rafiki, kama mbuzi anayecheua majani, urafiki wao ulizidi kukolea, lakini huzuni na wasiwasi pia viliongezeka. Kwa wavulana ulikolea urafiki tu. Hapo ndipo penye mtego: mtoto anahisi amefarijiwa, kumbe mzigo unaongezeka.

Basi msikilize, bila kunyemelea mlangoni. Akimaliza kuzungumza akacheka, au akasema kesho atafanya nini, mwache. Lakini kama ni wiki ya pili na bado ni "kwa nini aliniangalia vile?", muulize taratibu: "Na wewe na mwenzio mmeamua nini?" Kisha Ijumaa, shule zikiwa zimefungwa, mtoe mkatembee Corniche jua likishatua. Wengi husema zaidi mkiwa mnatembea kuliko mkikaa mnatazamana, hasa wavulana, ambao jibu lao nyumbani ni "poa" tu.

Akiwa halali, hali, au amejitenga hata na huyo rafiki, piga 16000, laini ya taifa ya afya ya akili. Akisema anataka kujidhuru, piga 999 papo hapo. Ukihitaji mtu wa kukutafsiria miadi ya daktari, tuambie mapema.