Pikipiki ya Safari Ndefu Nje ya Lami: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Tangu lami ya Isiolo hadi Moyale ikamilike, mkazi wa Marsabit anaweza kupanda pikipiki yoyote iliyo nzima akafika Moyale bila wasiwasi mkubwa. Ikimharibikia njiani, lori au basi litapita. Hali hubadilika ukiacha lami kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr, au Kargi na Loiyangalani. Huko unaweza kukaa saa nyingi bila kuona gari, mtandao wa simu hupotea na maji yako mbali. Pikipiki ikizimika mahali kama hapo, anayeumia si mwendeshaji peke yake. Nyuma yake huenda kuna mgonjwa anayekimbizwa zahanati, au sanduku la chanjo ambalo barafu yake inayeyuka.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza nguvu ya injini. Swali la kwanza liwe hili: ikiharibikia ninakoenda, ni nani ataitengeneza, na kwa spea gani? Hatutangazi kampuni yoyote hapa, ila kila mtu anajua kwamba Bajaj Boxer na TVS zimeenea kote nchini. Hata katika senta ndogo hukosi mtu mwenye cheni, waya wa klachi au tyubu yake, na kijana aliyewahi kuifungua. Pikipiki ngeni inaweza kung'aa dukani Nairobi, lakini kama kifaa chake kidogo huagizwa kwa wiki mbili, huku kwetu haiaminiki. Kabla ya kulipa, mpigie simu fundi wa mwisho wa safari yako, si fundi wa jirani na duka.

Uzito nao una maana yake. Watalii wanaosafiri kutoka Cairo hadi Cape Town hupita Moyale na mashine kama BMW R 1250 GS, yenye kilo 249 kabla ya mizigo. Ni mashine imara, lakini ikilala kwenye mchanga mtu aliye peke yake hupata taabu kuisimamisha. Ile ya kilo 120 hivi watu wawili wataiinua na hata kuipakia kwenye pikapu inayopita.

Injini inayofaa ni ile rahisi: silinda moja, inayopozwa na hewa. Isiyokuwa na rejeta haina maji ya kuvuja. Kabureta, ingawa wengi sasa huiona ya kizamani, inaweza kufunguliwa na kusafishwa chini ya mgunga kwa spana chache, nayo husumbuka kwa sababu petroli ya njiani, inayouzwa kwenye chupa na mitungi, mara nyingi ina uchafu. Mfumo mpya wa kupuliza petroli kwa umeme hupunguza matumizi ya mafuta, lakini pampu yake ikifa porini hakuna la kufanya. Kiki ya mguu iwepo pia, kwa sababu betri haitoi taarifa kabla ya kuisha. Pikipiki za umeme, ambazo zimezoeleka mijini, zinafaa penye vituo vya kubadilishia betri. Kwa sasa usiende nayo Chalbi.

Angalia magurudumu kwa makini. Rimu za aloi hupendeza na huhitaji kazi kidogo, lakini zikigonga jiwe kwa nguvu hupasuka. Rimu za spoku hupinda, na fundi huzinyoosha. Mtu anayepita Dida Galgalu, penye mawe meusi ya volkano, achague spoku bila kusitasita. Tairi ziwe na meno yaliyoachana, na upepo wake ubadilishwe kulingana na njia: kwenye mchanga punguza kidogo ili tairi litanuke, na ukifika kwenye mawe ujaze tena, la sivyo rimu itabana tyubu na kuitoboa. Kwa hivyo pampu ya mkono ni lazima.

Kuhusu petroli, fanya hesabu ya mchanga, si ya lami. Tuseme tangi ni la lita 11. Kwenye lami unaweza kupata kilomita 50 kwa lita. Ukiwa na abiria, mchanga laini na upepo wa Loiyangalani usoni, hesabu 30. Hizo ni kilomita 330, lakini panga kutumia theluthi mbili tu, yaani 220, kwa sababu unaweza kupotea au kulazimika kurudi. Mtungi wa ziada wa lita 5 si anasa. Usiwahi kuweka maji ya kunywa katika mtungi uliowahi kubeba petroli, hata ukiuosha mara ngapi.

Ukinunua iliyotumika, nenda asubuhi injini ikiwa baridi na uiwashe mwenyewe. Moshi wa buluu maana yake inachoma oili. Tazama kama chesi imechomelewa, na kama meno ya sproketi yamechongoka. Nambari ya chesi ilingane na ile iliyo kwenye logibuku, na umiliki uhamishwe kwa jina lako katika mfumo wa NTSA kabla hujamaliza kulipa.

Kabla ya kuondoka, safisha filta ya hewa, maana vumbi laini la Chalbi hula silinda haraka. Beba tyubu mbili, viraka, plagi, kiungo cha cheni na oili. Waya mpya wa klachi ufunge sambamba na wa zamani, ili ukikatika ubadilishe kwa dakika chache.

Chalbi ikinyeshewa, ahirisha. Juu huonekana pamekauka na kuwa pagumu, chini ni tope linalomeza gurudumu hadi kwenye ekseli.

Sheria ya trafiki huruhusu abiria mmoja tu, na nyote wawili mvae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga. Mgonjwa asiyeweza kukaa mwenyewe hafai kubanwa katikati ya watu wawili. Itisheni ambulensi mapema. Leseni na bima viwe hai.

Safirini pikipiki mbili inapowezekana, mwondoke alfajiri, na kila mtu abebe maji lita kadhaa. Ulizeni polisi hali ya usalama wa njia. Mwambieni chifu au jamaa mnapitia wapi na mtafika saa ngapi. Pikipiki ikigoma, kaeni nayo kivulini: anayewatafuta atafuata njia mliyoitaja, na pikipiki huonekana kwa urahisi kuliko mtu.