Katalogi ya Picha Haipimwi kwa Ukubwa wa Faili

Makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale mkoani Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yalichimbwa na Jacques Nenquin mwaka 1957, naye Jean Hiernaux akaungana naye mwaka uliofuata. Pierre de Maret aliendeleza kazi mwaka 1974. Vyungu na misalaba ya shaba iliyotoka humo hueleza mengi pale tu inapojulikana kila kitu kilitoka kaburi gani. Picha ya chungu isiyo na namba ya kaburi imepoteza nusu ya thamani yake. Kwa hiyo mtunza picha za namna hii ana haki ya kushtuka akihamia toleo jipya la programu na kukuta kanzidata imepungua. Lakini ukubwa wa faili peke yake hauwezi kumwambia kama maelezo yamepotea.

Chukua programu ya picha ya Adobe, Lightroom, iliyotoka mwaka 2007 na ambayo sasa huitwa Lightroom Classic. Katalogi yake haibebi picha zenyewe. Hubeba mahali zilipo, maneno ya kuzitafutia na kila hatua ya urekebishaji, yote ndani ya faili la .lrcat lililojengwa juu ya mfumo wa kanzidata wa SQLite. SQLite ikifuta rekodi, kwa kawaida nafasi yake hubaki tupu ndani ya faili ikisubiri rekodi nyingine, hivyo katalogi mbili zenye maelezo yaleyale zaweza kutofautiana sana kwa ukubwa. Isitoshe, toleo la 11 la Oktoba 2021 lilileta faili la pili, .lrcat-data, la kuhifadhi taarifa za sehemu zilizochaguliwa ndani ya picha, kama vile anga. Anayepima .lrcat tu hapo analinganisha kitu kizima na kipande.

Wapo watakaosema kwamba ukubwa ndicho kipimo pekee anachokiona mtu wa kawaida. Ni kweli, na faili likishuka ghafla hadi sehemu ya kumi, asimame achunguze. Ila uchunguzi wenyewe ni huu: aboreshe katalogi zote mbili kwanza ili nafasi tupu ziondoke, ahesabu picha na maneno ya utafutaji, kisha afungue picha chache zilizorekebishwa sana katika matoleo yote mawili. Na mwenye diski ndogo asikimbilie kufuta maelezo. Mara nyingi kinachojaza diski ni picha za hakikisho, ambazo programu huzitengeneza upya mradi picha asilia zipo.