Utafiti wa Soko Kabla ya Kubadilisha Injini za Ndege ya B-52

Kanuni za ununuzi za serikali ya Marekani huagiza utafiti wa soko ufanywe kabla ya zabuni kutangazwa. Injini ya TF33 ya ndege ya B-52 ilikoma kutengenezwa mwaka 1985. Ndege 76, kila moja ikiwa na injini nane, zilihitaji injini 608, mbali na za akiba. Kampuni ya Rolls-Royce ilichaguliwa Septemba 2021. Hata hivyo, seti ya injini na viungio vyake ni sehemu tu ya gharama. Jeshi lisiponunua haki ya kutumia michoro ya kiufundi, matengenezo makubwa hubaki mikononi mwa mtengenezaji yuleyule kwa miongo. Kwa hiyo kampuni hupaswa kuulizwa kuhusu haki hizo zingali zinashindana.