Mtawa Atembeaye Polepole

Chukua stendi ya Same asubuhi. Mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanapishana, magunia ya tangawizi yaliyoshuka kutoka milimani yanapakiwa. Katikati yuko mtu aliyenyoa kichwa, pekupeku, amevaa joho jekundu. Ananyanyua mguu, na muda mrefu unapita kabla haujagusa tena ardhi. Je, huo ni mchezo wa kuigiza?

Tsai Ming-liang, mwongozaji wa Taiwan, amelijibu swali hilo kwa kazi zake. Mwaka 2011, jukwaani Taipei, mwigizaji wake Lee Kang-sheng alitembea kwa mwendo huo. Baadaye Tsai akamvika joho la Xuanzang, mtawa wa Kibudha aliyesafiri karne ya 7 kutoka China hadi India kutafuta maandiko, akampiga filamu akipita katika mitaa ya miji mikubwa. Mwaka 2014 akamrudisha jukwaani, Brussels: Lee amelala juu ya karatasi kubwa nyeupe, mchoraji anachora kwa mkaa kumzunguka.

Dini iko wapi hapo? Wengi huitafuta kwenye joho. Mimi naiona kwenye unyayo. Katika tafakuri ya kutembea, Mbudha huufuatilia mguu wake unavyoinuka, unavyosogea, unavyotua, mpaka mwili wenyewe uelewe fundisho la Buddha kwamba kila kitu huja na kupita. Lee hahubiri hilo, analitenda. Ndiyo maana namthamini kuliko michezo mingi ya dini inayotuhubiria kwa saa mbili.

Mtazamaji naye ana kazi. Mwanzoni huchoka, pengine hukasirika. Wapare huukinga mfereji mwembamba kwenye ndiva, bwawa lao dogo la umwagiliaji, usiku kucha, na asubuhi maji hutoka na nguvu ya kufika shamba la mbali. Mwendo wa Lee huukinga umakini wetu vivyo hivyo. Katika filamu iliyopigwa Marseille, mwigizaji Mfaransa Denis Lavant anaishia kumfuata nyuma, hatua kwa hatua.

Njia hii ina wazee wake. Mtunzi wa muziki Mmarekani John Cage, aliyehudhuria mihadhara ya mwanazuoni Mjapani D. T. Suzuki kuhusu Zen, tawi la Ubudha, alitoa mwaka 1952 kazi ambayo mpiga piano hapigi noti hata moja kwa dakika 4 na sekunde 33. Ukumbi ukabaki kujisikiliza.

Wabudha kwetu ni wachache, lakini hekalu lililoanzishwa na Wasinhala lipo Upanga, Dar es Salaam. Kikundi cha maigizo cha Same kitakachotaka kujaribu kianzie huko, kijifunze kutembea kabla ya kushona joho.