Utangulizi: Koroidi Baada ya Leza

Elimu ya koroidi baada ya leza bado ni changa, na njia nyepesi ya kuingia ni kupitia kwa mgonjwa ambaye pwani ya kusini ya Kenya inamjua: mama wa Tiwi aliyekaa na kisukari miaka mingi, na sasa mishipa mibovu imeanza kuchipua kwenye retina yake. Kwale Eye Centre, iliyoanzishwa mwaka 1993, imewazoesha watu wa huku kwamba mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona tena. Kisukari hakina bahati hiyo. Leza huchoma pembezoni mwa retina, alama ndogo kwa mamia, ili kuokoa uoni uliobaki.

Joto la leza haliishii kwenye retina. Nuru yake hunaswa na rangi nyeusi iliyo chini ya retina na ndani ya koroidi, tabaka la mishipa linalopitisha sehemu kubwa ya damu ya jicho. Macho yetu yana rangi hiyo tele, kwa hiyo daktari makini huanza na nguvu ndogo, kisha akapandisha. Rangi hiyohiyo ilituficha koroidi kwa miaka mingi. Skani ya OCT, inayopiga picha ya matabaka ya jicho kwa mwanga, ilitangazwa mwaka 1991, lakini ni mwaka 2008 ambapo daktari wa macho Richard Spaide na wenzake walieleza namna ya kuielekeza chini zaidi, hadi kwenye koroidi.

Tazama picha ya skani hiyo. Juu kuna matabaka ya retina, kisha mstari mmoja mweupe unaong'aa. Chini ya mstari huo ndiyo koroidi, imejaa matundu meusi mithili ya jiwe la matumbawe linalojengewa nyumba za huku. Kila tundu ni mshipa wenye damu. Tunapima kutoka kwenye mstari hadi pale ukuta mweupe wa jicho unapoanzia, na kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi hupatikana maikroni 250 hadi 300.

Naomba uwe mwangalifu hapa. Koroidi huwa nene asubuhi na kupungua kuelekea jioni, kwa wastani wa maikroni 30 hivi. Mabadiliko yanayoletwa na leza yenyewe yanaweza kuwa madogo kuliko hayo. Mama akipigwa picha saa mbili asubuhi kabla ya tiba, kisha siku ya kurudi akacheleweshwa njiani hadi alasiri, tutasema leza imeipunguza koroidi, kumbe ni saa tu. Ndiyo maana sura ya kwanza haianzi na leza. Inaanza na picha ya kabla ya tiba, na saa iliyoandikwa juu yake.